Kwa Nini Mwili Hufanya Hivi? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Unguja na Pemba

Maswali haya ndiyo yanayorudi kila mara kwenye vituo vya afya, maskulini na mabarazani. Tunayajibu kwa kufuata jambo moja: dalili nyingi tunazopigana nazo ni kazi ambayo mwili unaifanya wenyewe. Ukijua ni kazi gani, utajua lini uiache, lini uisaidie na lini ukimbilie hospitali. Majibu haya hayashiki nafasi ya mtu aliyekupima.

Mwili unawaka moto, mbona mgonjwa anatetemeka kwa baridi?

Kwa sababu ubongo umepandisha kiwango cha joto unachokitaka. Chini ya ubongo kuna sehemu ndogo, haipothalamasi, inayolishikilia joto la mwili karibu na nyuzi 37. Vijidudu vikiingia, chembe za kinga hupeleka habari, kemikali iitwayo prostaglandini hutengenezwa, na kiwango hupanda, tuseme hadi 39. Kuanzia hapo mwili wenye nyuzi 37 unahesabika kuwa una baridi. Mishipa ya ngozi hujibana, mikono na miguu hupoa, misuli hutetemeka ili izalishe joto. Likifika 39 mtetemo hukoma. Homa ikivunjika, kiwango hurudi chini na mwili hujikuta una joto la ziada. Ndipo jasho linapomwagika mpaka shuka likarowa.

Parasetamoli hufanya kazi hapo hapo kwenye prostaglandini. Inashusha kiwango, haiui kijidudu chochote. Mtoto hupewa miligramu 15 kwa kila kilo ya uzito wake, kila baada ya saa 4 hadi 6, isizidi mara nne kwa siku. Mtu mzima asipite gramu 4, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, kwa saa 24. Kinachoharibika mara nyingi ni kuchanganya: mtu anameza parasetamoli, kisha dawa ya mafua ambayo ndani yake imo parasetamoli nyingine, na ini ndilo linaloumia.

Kumkanda mtoto kwa maji ya barafu ni kumwonea. Ngozi inapoa, kiwango bado kiko juu, kwa hiyo atatetemeka zaidi na joto la ndani litaongezeka. Mvue mablanketi, mpe vya kunywa, mwache apate upepo.

Na degedege?

Homa inaweza kuleta degedege kwa mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5. Mlaze ubavu, ondoa vitu vigumu karibu naye, tazama saa. Usimtie kijiko wala kidole mdomoni, usimnyweshe kitu. Ikipita dakika 5, ikirudia, au asipozinduka vizuri baada yake, huo ni mwendo wa hospitali bila kusubiri. Hata ikikoma upesi mpeleke siku hiyo hiyo, kwa sababu malaria kali na homa ya uti wa mgongo nazo huanza hivyo, na hakuna anayeweza kuzitofautisha kwa macho akiwa nyumbani. Familia ikitaka kumsomea mtoto, isomwe njiani.

Nimemaliza dawa ya malaria, nikapima tena, na kipimo bado kina mistari miwili. Dawa imeshindwa?

Huenda sivyo. Kipimo cha haraka cha tone la damu hakimtafuti mdudu mwenyewe. Kinatafuta protini anayoiacha. Protini hiyo hubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya mdudu kufa. Kwa hiyo kipimo hicho hakifai kuangalia kama umepona. Ikiwa homa imerudi, omba damu itazamwe kwa darubini, ambako mdudu huonekana kwa umbo lake.

Malaria imepungua sana Zanzibar tangu dawa ya mseto ilipoanza kutumika 2003, kisha vyandarua na upuliziaji vikafuata. Wengi wanaopatikana nayo sasa walikwishasafiri Bara. Homa ikikujia ndani ya mwezi mmoja baada ya kurudi kutoka Tanga au Dar es Salaam, mwambie mhudumu habari ya safari hiyo kabla hajauliza.

Mvua inaleta mafua?

Mafua huletwa na virusi, si na maji ya mvua. Mvua hutukusanya ndani, madirisha tumefunga, na virusi hupita kwa urahisi kutoka pua hadi mkono, kutoka mkono hadi pua. Antibayotiki haziviui. Kikohozi kinachobaki baada ya mafua kinaweza kuchukua wiki mbili na zaidi kabla ya kwisha. Kikipita wiki mbili pamoja na kukonda au jasho la usiku, pimwa kifua kikuu.

Kwa nini maji ya chumvi na sukari humwokoa mtu anayeharisha, wakati maji matupu hayatoshi?

Ukuta wa utumbo una milango ya protini inayopitisha sukari na chumvi kwa pamoja. Glukosi ikija na sodiamu, mlango hufunguka, vyote viwili huingia, na maji huvifuata. Sumu ya kipindupindu hulazimisha utumbo kumwaga maji na chumvi nje, lakini milango hiyo haiigusi. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa bado anaharisha na huku anapata maji ya kutosha kuishi.

Pakiti ya ORS (unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji) ya gramu 20.5 imepimwa kwa lita 1 kamili. Hapa ndipo makosa yanapokuwa mengi. Mtu huimimina pakiti yote kwenye chupa ya lita 1.5, ikawa nyepesi. Au kwenye chupa ya nusu lita, ikawa chumvi kali ambayo kwa mtoto mdogo ni hatari. Wengine huigawa pakiti kidogo kidogo kwenye glasi, na hapo hakuna tena kipimo. Chukua chupa mbili za nusu lita za maji salama, zimimine kwenye chombo kimoja safi, tia pakiti yote, koroga. Kitakachobaki baada ya saa 24 kimwagwe.

Pakiti ikikosekana: lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa juu, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Onja kabla ya kumpa mtoto. Yasiwe na chumvi kuliko machozi. Mtoto aliye chini ya miaka 2 anywe mililita 50 hadi 100 kila akiharisha, wa miaka 2 hadi 10 anywe 100 hadi 200. Akitapika, subiri dakika 10, kisha mpe kijiko kimoja kimoja. Ziwa la mama lisikatizwe. Vidonge vya zinki, miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 hadi 14 (miligramu 10 kwa aliye chini ya miezi 6), hufupisha ugonjwa, na wengi huviacha kati mara choo kikishaganda. Vimalizwe.

Dafu je?

Dafu lina potasiamu nyingi na sodiamu kidogo mno, wakati anayeharisha hupoteza sodiamu kwa wingi. Ni kinywaji kizuri cha nyongeza, lakini peke yake halimtoshi mwenye kuharisha sana. Choo kikiwa cheupe kama maji ya mchele na kinatoka mfululizo, macho yameingia ndani, ngozi ya tumbo ukiifinya hairudi upesi, usikae nyumbani ukihesabu madafu. Milipuko ya kipindupindu imeandikwa Zanzibar tangu karne ya 19, na mpaka leo anayekufa nacho ni yule aliyechelewa kupata maji mwilini.

Mtoto anakojoa damu mwishoni mwa mkojo. Je, amebaleghe?

Hapana. Hiyo ni dalili ya kichocho mpaka kipimo kiseme vinginevyo, na dhana kwamba ni jambo la kawaida la ukubwa imewachelewesha watoto wengi wa kiume. Kichocho cha Unguja na Pemba ni cha njia ya mkojo. Mdudu wake hukua ndani ya konokono mdogo wa maji matamu, kwenye vijito, mabwawa na mabonde ya mpunga. Akitoka kwa konokono hupenya ngozi nzima isiyo na kidonda kwa dakika chache tu. Ndani ya mwili minyoo hukomaa, dume na jike hukaa kwenye mishipa ya damu ya kibofu, na jike hutaga mayai yenye mwiba nchani. Yanayotoboa kibofu hutoka na damu. Yanayobaki hukwama, nyama ikavimba na kuganda kuyazunguka. Na hayo yaliyobaki ndiyo yanayoharibu kibofu na figo miaka ya baadaye.

Mkojo wa kupima uchukuliwe kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, wakati mayai ni mengi zaidi, na matone ya mwisho yasimwagwe kwa sababu humo ndimo yalimo. Dawa ni prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo: mwenye kilo 60 humeza vidonge vinne vya miligramu 600, akiwa ameshakula. Anayemeza na njaa hutapika, kisha husema dawa ni mbaya. Dawa huua minyoo mikubwa, haiui michanga, kwa hiyo aliyeingia mtoni wiki chache kabla anaweza kuhitaji dozi nyingine baadaye. Na akirudi mtoni kesho yake, anaanza upya.

Tuseme wazi jambo ambalo huonewa haya. Kwa mwanamke mayai hukwama pia kwenye shingo ya kizazi na ukeni, yakaleta kuwashwa, damu baada ya tendo la ndoa, na maumivu. Wengi hutibiwa maradhi ya zinaa wasiyokuwa nayo, ndoa zikaingia fitina bure. Dada au mama mwenye dalili hizo aliyekuwa akifua au kuoga mtoni aeleze habari ya mto huo anapokwenda kutibiwa.

Baharini hakuna kichocho, konokono huyo haishi maji ya chumvi. Maji ya mto yakichotwa yakawekwa kwenye ndoo yenye kifuniko kwa siku mbili, bila konokono ndani, wadudu huwa wamekufa. Tangu 2012 shehia 90, nusu Unguja na nusu Pemba, ziliingizwa kwenye mpango wa kutokomeza maambukizi: dawa mara mbili kwa mwaka, na baadhi zikaongezewa uuaji wa konokono au elimu ya tabia. Maradhi yamepungua sana. Kinachobaki ni visima, vyoo na mahali pa kuchezea watoto pasipokuwa mtoni.

Busha linasababishwa na kunywa madafu mengi?

La. Busha na matende huletwa na minyoo myembamba inayopelekwa na mbu, ikaziba njia za maji ya mwili. Mbu wake mkuu mijini na vijijini mwetu huzaliana kwenye maji machafu ya mashimo ya vyoo. Makunduchi, miaka ya mwisho ya 1980, mashimo yalimwagiwa punje nyepesi za polistirini zinazoelea. Lava wakakosa hewa, mbu wakakosa pa kutagia, na pamoja na dawa kwa wanakijiji maambukizi yakaanguka. Kugawa dawa visiwa vyote kulianza 2001. Watoto wa minyoo huja kwenye damu ya pembeni usiku, ndiyo maana wapimaji hugonga mlango kati ya saa 4 na saa 8 usiku.

Busha hupasuliwa na mtu akapona. Mguu wenye matende uoshwe kila siku kwa sabuni, ukaushwe vizuri katikati ya vidole, uinuliwe mtu akikaa. Hayo pekee hupunguza mashambulizi ya homa na uvimbe.

Kwa nini kichwa huuma siku za mwanzo za Ramadhani?

Kwa anayekunywa kahawa ya baraza kila siku, mkosaji mkubwa ni kahawa iliyokatika ghafla. Kafeini huzuia kemikali iitwayo adenosini. Mwili ukiizoea, hujiongezea mapokezi ya adenosini, yaani sehemu ambazo kemikali hiyo hujishikiza. Kafeini ikiondoka, adenosini hushika nafasi zote, mishipa ya kichwani hutanuka, kichwa hugonga. Maumivu huanza saa 12 hadi 24 baada ya kikombe cha mwisho, hufika kilele siku ya kwanza au ya pili, na huweza kuendelea mpaka siku ya 9. Dawa yake iko Shaaban: punguza kikombe kimoja kila baada ya siku mbili au tatu, ukianza na kile cha asubuhi. Sababu ya pili ni maji. Glasi mbili kwenye futari, moja kila saa mpaka ulale, mbili kwenye daku; kuzibugia zote dakika ya mwisho hakusaidii, figo huyatoa yaliyozidi.

Njaa yenyewe si mkosaji kwa mtu mzima mwenye afya. Ini lina akiba ya karibu gramu 100 za wanga, na mafungo ya kwetu, karibu saa 13 na nusu, hayaimalizi kirahisi.

Mwenye kisukari afunge?

Azungumze na daktari wake wiki 6 hadi 8 kabla, khasa anayechoma insulini. Kutoboa kidole kupima sukari hakufunguzi, na hilo lisimzuie mtu kujipima. Sukari ikishuka chini ya 3.9 (au 70 kwa mashine za kipimo kingine), au ikipanda juu ya 16.6 (yaani 300), afungue papo hapo. Jasho la ghafla, kutetemeka na maneno kuvurugika ni sukari iliyoshuka: maji ya sukari kwanza, maelezo baadaye.

Kwa nini kinywa hunuka mtu akifunga?

Mate hupungua, na mate ndiyo yanayosafisha bakteria mdomoni. Piga mswaki baada ya daku, na usugue ulimi mpaka nyuma.

Karafuu hutuliza jino kweli?

Kweli. Mafuta ya karafuu yana eujenoli kwa wingi, na kemikali hiyo hufunga njia za sodiamu kwenye neva, hivyo ujumbe wa maumivu haupiti. Madaktari wa meno huichanganya na unga wa zinki oksaidi kuwa dawa ya kuziba jino kwa muda. Nyumbani, ponda karafuu moja kavu, ifunge kwenye pamba safi, iume kwa jino bovu dakika chache, kisha itoe. Mafuta yenyewe yasimwagwe kwenye fizi, huunguza. Chupa yake iwe mbali na watoto: mililita 5 hadi 10 zikimezwa zimewahi kuharibu ini la mtoto.

Jino lililouma wiki nzima likanyamaza ghafla halijapona. Mara nyingi neva yake imekufa, na usaha unaendelea kujikusanya chini. Ukiona uvimbe unashuka chini ya taya, mdomo haufunguki au kumeza ni kwa shida, hiyo ni dharura.

Nimekula urojo wenye pilipili, maji hayasaidii. Kwa nini?

Kapsaisini ya pilipili huwasha pokezi lile lile linalohisi joto la kuunguza, kwa hiyo ubongo unaamini mdomo unaungua. Ugunduzi wa pokezi hilo ulimpatia David Julius sehemu ya Tuzo ya Nobel 2021. Kapsaisini haiyeyuki kwenye maji, huyeyuka kwenye mafuta. Kunywa maziwa au mtindi. Protini yake huibeba ikaondoka.

Nikishtuka moyo unakwenda mbio, tumbo linakatika, vidole vinafa ganzi. Ni ugonjwa wa moyo?

Khofu humwaga adrenalini kutoka tezi zilizo juu ya figo. Moyo hupiga haraka, ini huachia sukari, damu huondolewa tumboni ikapelekwa kwenye misuli. Ndiyo hilo tumbo kukatika. Ganzi ya vidole na midomo huja kwa sababu nyingine: unahema upesi, kaboni dayoksaidi inapungua kwenye damu, na neva zinakuwa nyepesi kuchokozeka. Vuta pumzi kwa kuhesabu 4, itoe polepole kwa kuhesabu 6, endelea dakika 5. Kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta, kwa sababu wakati wa kutoa ndipo moyo hupunguza mwendo.

Lakini maumivu yanayobana katikati ya kifua, yakaenda mkononi au tayani, pamoja na jasho baridi, khasa kwa mwenye presha au kisukari, yasipumuliwe nyumbani. Mara ya kwanza huwezi kutofautisha mwenyewe. Nenda ukapimwe.

Kwa nini koo hukaba mtu akitaka kulia?

Mwili uliohamaki hufungua mlango wa sauti ili hewa iingie kwa wingi. Kumeza kunataka mlango huo ufungwe. Misuli inavutana, na mvutano huo ndio donge unalolihisi. Ukilia, au ukinywa maji taratibu, hulegea.

Huzuni inaweza kuua?

Inaweza kuudhoofisha moyo ghafla, na mara chache kuua. Madaktari wa Japani waliieleza hali hiyo 1990: baada ya msiba au mshtuko mkubwa, ncha ya moyo hulegea ikavimba, na mgonjwa, mara nyingi mwanamke aliyekoma hedhi, huja na dalili zile zile za shambulio la moyo ingawa mishipa yake haikuziba. Wengi hupona ndani ya wiki chache wakitunzwa. Kwa hiyo mama mfiwa anayelalamika kifua kinambana matangani asiambiwe tu asubiri na amshukuru Mungu. Apelekwe, na mtu afuatane naye.

Nimeamka usiku siwezi kujigeuza, kitu kimenikalia kifuani. Ni nini?

Watu huliita jinamizi, na limewapata watu karibu 8 katika kila 100 angalau mara moja maishani. Usingizi wa ndoto una kinga yake: ubongo huilegeza misuli yote isipokuwa ya macho na kiwambo cha kupumulia, ili usiinuke ukaitenda ndoto. Mara nyingine fahamu huamka kabla ya kinga hiyo kuondolewa. Unaona chumba, unasikia, huwezi kusogea. Misuli ya mbavu imelegea, kwa hiyo ukijaribu kuvuta pumzi ndefu haiji, na kifua kinahisi kimekaliwa. Sehemu ya ubongo inayotafuta hatari iko macho kabisa, na ndoto bado haijaisha, hivyo unamwona aliyekukalia. Anayeona hivyo hasemi uongo wala hana wazimu.

Umbo la anayeonekana hutokana na mambo ambayo watu wa mahali hapo wanayaogopa. Mwaka 1995 khofu ya Popobawa, pepo aliyesemwa kuwavamia watu usiku, ilianzia Pemba ikafika Unguja, na watu walilala nje kwa makundi wakiota moto. Mambo mengi yalichangia khofu ile, lakini mzunguko mmoja unaeleweka: khofu hukata usingizi, usingizi uliokatika huleta jinamizi, na jinamizi huongeza khofu. Mtu aliyelala vipande vipande yumo hatarini zaidi, ndiyo maana hutokea pia Ramadhani kwa wanaokesha hadi daku.

Likikupata, usishindane na mwili mzima. Chezesha kidole kimoja cha mguu, au ulimi, au zungusha macho. Kiungo kimoja kikiitika, vingine hufuata. Hukoma lenyewe kwa sekunde au dakika chache. Lala ubavu badala ya chali, lala na uamke saa zile zile. Dua ya kulala inayomtuliza mtu inasaidia usingizi, isomwe. Ikiwa mtu anasinzia mchana bila kujizuia na magoti humlegea akicheka, amwone daktari, kuna maradhi ya usingizi yanayotibika.

Kwikwi?

Kiwambo cha kupumulia kinashtuka, na mlango wa sauti unafunga papo hapo. Zuia pumzi sekunde 10 hadi 20, au kunywa maji baridi kwa mafundo madogo. Ikipita saa 48, pimwa.

Kwa nini boti ya Pemba hunitapisha nikiwa ndani, wala si juu?

Sikio la ndani linahisi chombo kinapanda na kushuka, macho yanaona viti vimetulia. Ubongo hauwezi kupatanisha habari hizo mbili, na matokeo ni kichefuchefu. Ukiona upeo wa bahari, macho na sikio husema jambo moja. Kaa katikati ya chombo, ambako hakupandi sana, tazama mbali, acha simu. Kula kidogo kikavu saa moja au mbili kabla. Tumbo tupu si bora kuliko lililojaa. Dawa ya safari imezwe saa moja kabla ya kuondoka, kwani ukisubiri mkondo wa Nungwi, tumbo limekwisha kusimama na dawa haishuki. Nyingi hulevya usingizi, asizimeze atakayeendesha gari akifika.

Vidole vya wakulima wa mwani hukunjamana kwa sababu vimenyonya maji?

Hapana, ni kazi ya neva. Neva hubana mishipa ya damu ya ncha ya kidole, nyama ya ndani hupungua, ngozi ikajikunja. Kidole kilichokatika neva hakikunjamani hata kikikaa majini mchana kutwa. Mwenye kisukari ambaye vidole vyake vimeacha kukunjamana achunguzwe neva.

Kasa ameliwa tangu zamani, mbona watu wanakufa?

Si kila kasa ana sumu, na ndiyo inayowadanganya watu. Inaaminika sumu hutokana na vyakula anavyokula baharini, hukaa kwenye nyama na mafuta yake, na wala haiondoki kwa kuchemsha, kukaanga au ndimu. Machi 2024 katika kisiwa cha Panza, Pemba, watoto 8 na mtu mzima mmoja walifariki baada ya kula nyama hiyo. Dalili huja baada ya saa kadhaa au hata siku: mdomo na koo kuwaka, kutapika, vidonda ulimini, usingizi mzito. Kumwonjesha paka na kusubiri kidogo hakuthibitishi kitu. Sumu hupita kwenye maziwa ya mama, kwa hiyo mtoto mchanga huweza kufa bila kula. Dawa ya kuivunja haipo. Mmoja akiugua, wote waliokula wapelekwe hospitali, pamoja na wasio na dalili na wanaonyonya.

Samaki bunju naye ni vivyo hivyo kwa moto: sumu yake haivunjwi na jiko. Midomo hufa ganzi, mara nyingi ndani ya saa moja, kisha misuli ya kupumua hulegea. Anayesaidiwa kupumua hospitalini huweza kupona.

Nimechomwa na mwiba wa samaki taa. Nifanye nini?

Sumu ya taa ni protini, na protini huharibiwa na joto. Tia mguu kwenye maji ya moto yanayovumilika, nyuzi 40 hadi 45, kwa dakika 30 hadi 90, ukiongeza maji ya moto yanapopoa. Maji yapimwe kwa mguu usioumia au na mtu mwingine, kwa sababu ulioumia haupimi sawasawa na watu hujiunguza. Vipande vilivyo juu juu vitolewe, kidonda kioshwe kwa maji mengi. Mwiba uliozama kifuani, tumboni au shingoni usivutwe. Huenda ndio unaozuia damu. Siku hiyo hiyo nenda kituoni kidonda kitazamwe na uchomwe sindano ya pepopunda kama chanjo yako imepitwa. Kwenye maji mafupi yenye mchanga kokota nyayo badala ya kuziinua, taa husikia na kuondoka.